Pikipiki Kuukuu Uani: Kutoka Magomeni Hadi Bagamoyo

Ndugu msomaji, njoo nami Magomeni, Dar es Salaam, siku ya Jumapili asubuhi. Tuingie katika mojawapo ya zile nyumba za Kiswahili ambazo bado zimesimama baina ya maghorofa mapya: baraza mbele, ukumbi mrefu unaokata nyumba katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, na mwisho wa ukumbi mlango unaofungukia uani. Huko ndiko kwenye jiko, choo, bomba la maji, kamba za nguo na kuku wawili watatu ambao mwenyewe hajulikani mpaka siku wanapochinjwa. Siku hizi, katika ua wa namna hiyo, aghalabu utaikuta pia pikipiki imesimamishwa kando ya ukuta.

Pikipiki hiyo si mpya. Mwenyewe, ambaye pengine ni wewe, ameinunua kwa mtu aliyeitumia kabla yake, mara nyingi dereva wa bodaboda aliyemaliza mkataba wake na kutaka chombo kipya. Fedha zilizotoka ni akiba ya nyumba nzima. Kuna mwezi ambao nyama haikuonekana mezani, na kuna sare ya shule iliyotiwa kiraka badala ya kununuliwa nyingine. Mama wa nyumba alikubali kwa sharti kwamba nauli za daladala zipungue na watoto wafike shule mapema. Kwa hiyo chombo hicho kikifa ndani ya miezi mitatu, mipango mingi ya nyumba hufa pamoja nacho. Na siku kitakapokataa kusimama nyuma ya lori pale Mapipa, mtoto akiwa ameketi nyuma, hapo hakuna tena hesabu ya fedha.

Ndiyo maana yafaa mwenye pikipiki ajifunze kuitunza kwa mikono yake mwenyewe. Simaanishi kumfukuza fundi. Fundi atabaki na kazi yake, tena kubwa. Lakini mtu anayejua ni lini oili ilibadilishwa, na breki zilikuwa na unene gani mwezi uliopita, huzungumza na fundi kama mtu anayeeleza shida yake. Asiyejua lolote husimama tu kando akingoja kutajiwa bei.

Kabla ya spana kuguswa, hapana budi kuutazama ua wenyewe, kwa maana ua ule si wako peke yako. Wapangaji ni wengi, na kila mmoja ana haki ya kivuli na maji. Adabu ni kuomba nafasi.

"Shikamoo mama. Leo naomba nafasi kidogo pale chini ya mwembe, nasafisha pikipiki."

"Marahaba baba. Ila petroli yako isikaribie jiko langu, na oili usiimwage ninapoanikia mchele."

Mama huyo amesema kweli zaidi ya vitabu vingi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukapotea, bali hutambaa chini, huvuka ua, na kulifikia jiko la mkaa lililo mbali na wewe. Kwa hiyo kazi yoyote ya kufungua tangi, mpira wa mafuta au kabureta ifanyike nje kabisa, au saa ambayo majiko yote yamezimwa na yamepoa. Usioshe kitu kwa petroli. Cheni huoshwa kwa mafuta ya taa, nayo yawe mbali na moto vilevile.

Adui wa pili wa ua wa Dar es Salaam ni mchanga. Ni mwepesi, mwembamba, na hupenda grisi kuliko nzi anavyopenda embe. Tandika turubai au magunia yaliyokung'utwa. Tafuta sinia kuukuu ya bati, na kila nati unayoifungua iweke humo kwa mfuatano uleule ulioifungua, kutoka kushoto kwenda kulia. Watoto watakuja kutazama, nao wasifukuzwe, ila wasimamishwe upande ule ambao pikipiki ikianguka haiwafikii. Pikipiki ya aina hii huzidi kilo 100.

Jumapili ya kwanza usifungue hata boliti moja. Jambo hili huwaudhi wanaoanza, maana spana mpya hazina subira, lakini lina faida yake. Chukua daftari la shule. Andika namba ya injini na namba ya fremu, uzilinganishe na zile zilizo katika kadi ya usajili. Kazi hii ilipaswa kufanywa kabla ya fedha kutoka mkononi. Soma kilomita, ila usiziamini sana, kwani mita ya pikipiki iliyotumika huenda ilikwisha kukatika waya miaka miwili iliyopita. Tazama badala yake vitu visivyojua kusema uongo: mpira wa kukanyagia umelika kiasi gani, meno ya sproketi yamebaki mapana au yamechongoka kama meno ya papa, gurudumu la mbele likishikwa juu na chini na kutikiswa linacheza au limetulia. Washa injini ikiwa baridi, utazame moshi. Moshi wa buluu maana yake oili inaungua ndani ya silinda. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi, na huenda dawa yake ni kusafisha chujio la hewa tu.

Pikipiki niliyoikuta katika ua mmoja wa Magomeni ilikuwa ya Kichina, ya cc 125, nyekundu iliyofifia, na kiti kilichoshonwa upya kwa ngozi ya bandia. Ukoo wake unastahili kuelezwa, kwa sababu ndio unaomfaa mwanafunzi. Babu yake ni Honda CG125, iliyotolewa na Wajapani mwaka 1976. Kabla ya hapo pikipiki ndogo za Honda zilikuwa na mhimili wa kufungulia valvu juu kabisa ya injini. Mpango huo ni mzuri, ila unadai oili safi na ya kutosha, maana oili ikipungua, huko juu ndiko kunakokauka kwanza. Wahandisi wa Honda walitambua kwamba katika nchi zetu za joto na vumbi watu wengi hawabadilishi oili kwa wakati, na injini zilikuwa zikifa. Badala ya kuwalaumu wenye pikipiki, waliunda injini nyingine. Mhimili ukashushwa chini, na valvu zikafunguliwa kwa fito mbili nyembamba zinazopanda ubavuni mwa silinda. Baadaye viwanda vya China vikauiga mpango huo kwa wingi mkubwa, na ndiyo sababu spea zake zaonekana katika kila mji wa Afrika Mashariki. Boxer ya Bajaj, ambayo nayo ni maarufu kwetu, yatoka India na ina ukoo mwingine, lakini mengi tutakayoyasema hapa yaihusu pia.

Basi injini hii iliundwa kwa ajili ya mtu asiyetunza. Huo ni wema wake, na ndio pia udanganyifu wake. Hunguruma vizuri huku inakufa, na mwenyewe, akisikia mngurumo huo, hudhani mambo yote ni mema. Wanaoanza karibu wote hupenda kuishughulikia injini, kwa kuwa ndiyo yenye sauti na sifa. Mimi naona mambo yangepaswa kuwa kinyume. Injini itakusamehe. Itazimika barabarani, utaisukuma hadi nyumbani kwa jasho, na kesho utaanza upya. Breki, tairi na cheni havina msamaha wa namna hiyo. Saa nzuri za Jumapili yako, zile za asubuhi ambapo macho hayajachoka, ziwe za magurudumu.

Sasa tutoke uani twende kutafuta vifaa. Nenda Jumamosi, kwani Jumapili maduka mengi hufungwa. Kutoka Magomeni waweza kwenda kwa miguu ukifuata Barabara ya Morogoro: utateremka bonde la Msimbazi pale Jangwani, utapanda hadi Fire, kisha utaishika Msimbazi mpaka Kariakoo. Tazama bonde lile vizuri unapolivuka. Desemba 2011 maji yalilijaza kwa kiasi ambacho wazee wengi hawakuwahi kukiona, watu wakafariki na nyumba zikachukuliwa. Tangu hapo barabara hiyo imefungwa na mafuriko mara nyingi. Tutarudi kwenye maji hayo, kwa maana yana habari zake na pikipiki.

Kariakoo jina lake ni ukumbusho wa wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, wa Vita Kuu ya Kwanza. Soko lake kubwa, lililosanifiwa na Mtanzania Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua Julai 2021. Sisi hatuendi sokoni, twaelekea upande wa Gerezani, ambako harufu ya vitunguu hupotea na harufu ya mpira na grisi hushika nafasi. Hapa cheni zimetundikwa milangoni kama shanga, na vijana huita wateja kwa aina ya pikipiki badala ya jina.

"Habari za kazi, kaka. Naomba breki shuu za nyuma."

"Nzuri, mzee wangu. Za pikipiki gani?"

"Ya mia na ishirini na tano."

"Mia na ishirini na tano ziko nyingi. Umekuja na ya zamani?"

Swali hilo ndilo linalotenganisha mteja na mteja. Pikipiki za ukoo mmoja hutofautiana kwa milimita chache, na kifaa kilichokosea milimita chache hakifai kabisa. Beba cha zamani, ukiwa umekifuta na kukifunga katika gazeti. Viweke viwili pamoja, upana kwa upana, tundu kwa tundu. Tazama kama utando wa kusugulia umegandishwa sawasawa pande zote au umeachia pembeni. Soma maandishi ya boksi. Jina lililokosewa herufi ni ushahidi wa kutosha, nawe ondoka bila kugombana. Utaambiwa kuna ya bei hii na ya bei ile. Katika kioo cha pembeni, taa za kuashiria na kifuniko cha kiti, chukua ya bei ndogo ukitaka. Katika breki shuu, cheni, tyubu na waya wa breki, afadhali kurudi nyumbani bila kitu, ukangoja mshahara mwingine.

Vyombo vya kazi si vingi. Spana za namba 8, 10, 12, 14, 17 na 19, bisibisi ya nyota na ya bapa, plaiasi, spana ya plagi, pampu, kipimo cha upepo, na zile karatasi za chuma za kupimia nafasi ya valvu ambazo mafundi huziita filageji. Usinunue spana malaya pekee kwa kudhani kuwa inafaa kila nati. Itakula kona za nati hizo moja baada ya nyingine, na mwisho utahitaji patasi.

Turudi uani. Oili ndiyo kazi ya kwanza ya kuchafua mikono. Injini ipashwe moto dakika chache ili oili iwe nyepesi, izimwe, kisha boliti ya chini ifunguliwe juu ya karai. Katika nyingi za ukoo huu, nyuma ya boliti kubwa kuna springi na chujio la waya. Vitoke kwa utaratibu na vioshwe. Ukiona vumbi la chuma linalong'aa, lisikutishe sana, lakini vipande vinavyoshikika kwa kucha mwite fundi. Oili mpya itakayoingia haitimii lita moja kamili, nayo iwe ya pikipiki. Klachi ya pikipiki hizi huogelea katika oili ileile ya injini, na baadhi ya oili za magari madogo zina dawa ya kuteleza inayoifanya klachi isishike. Tafuta alama ya JASO MA katika chupa. Kipimo cha oili, kile kijiti chenye uzi, hakikazwi wakati wa kupima katika pikipiki za mtindo huu wa Honda. Hufutwa, hutiwa tunduni kikaegeshwa tu, kisha husomwa, pikipiki ikiwa imesimama wima. Oili chafu usiipeleke mtaroni, maana mtaro huishia Msimbazi na Msimbazi huishia baharini. Iweke katika dumu. Maseremala na wenye ua za miti huitafuta kwa ajili ya kuzuia mchwa.

Valvu nitazipita upesi, kwa sababu mwanafunzi asizifungue kabla ya mwezi wa tatu, tena siku hiyo fundi awepo. Ajue tu kwamba hupimwa injini ikiwa baridi kabisa, na kwamba katika CG ya Honda yenyewe nafasi ilikuwa milimita 0.08, unene unaokaribiana na wa unywele. Za Kichina zifuate kitabu chake.

Cheni yataka umakini zaidi. Ioshe kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, ikauke, uipake oili nzito ya gia, kisha uifute ya nje yote, maana oili inayofanya kazi ni ile iliyoingia ndani ya vipingili. Ya juu hukusanya mchanga tu. Zungusha gurudumu polepole utafute mahali cheni inapokaza zaidi, na hapo ndipo uipime. Ikisukumwa kwa kidole katikati ya upande wa chini, iwe na mchezo wa milimita kama 20 hadi 30. Unapoivuta, alama za kulia na kushoto ziwe sawasawa, la sivyo gurudumu litakwenda upande. Kuna klipu ndogo inayofunga kiungo cha cheni, yenye umbo la samaki. Kichwa cha samaki huyo, yaani upande uliofungwa, kitangulie kule cheni inakokwenda, na mkia ufuate nyuma. Ikiwekwa kinyume yaweza kuchomoka, na cheni iliyochomoka katika mwendo huweza kujisokota na kulifunga gurudumu la nyuma.

Sasa tukae chini, tufike kwenye breki.

Pikipiki nyingi kuukuu za aina hii hutumia breki za ngoma nyuma, na nyingine hata mbele. Ndani ya ngoma mna shuu mbili zenye umbo la mwezi mchanga, na kamu inayozitanua pale unapokanyaga. Kwa nje waiona breki nzima kama nati ya kukazia tu, na hapo ndipo hatari inapoanzia. Breki ikilegea, mwenyewe hukaza nati. Wiki mbili baadaye hukaza tena. Pedeli inakuwa nzuri, moyo unatulia, kumbe ndani utando umekwisha na chuma kinakaribia chuma. Kwa hiyo tazama kwanza mshale mdogo ulio kwenye mkono wa kamu. Breki ikikanyagwa na mshale ukafikia alama iliyochorwa kwenye bamba, nati haina msaada tena. Ni lazima kufungua.

Gurudumu likishatoka, usipulize vumbi lililo ndani kwa mdomo, na watoto waende mbele ya nyumba. Katika shuu za zamani vumbi hilo laweza kuwa na asbesto, ambayo hudhuru mapafu. Lifute kwa kitambaa kibichi, na kitambaa hicho kifungwe katika mfuko na kutupwa. Pima utando: ukifikia milimita 2 mahali popote, hata kama kwingine ni mnene, shuu zimekwisha. Pitisha kidole ndani ya ngoma. Ikiwa na mabonde, au ikiwa imepita kipimo ambacho mara nyingi huchongwa ndani yake, shuu mpya hazitaiponya. Kamu ipate grisi kidogo mno, kama chumvi katika uji, kwa sababu tone likimwagikia utando, shuu hizo ni za kutupwa.

Wakati wa kurudisha, ekseli isikazwe kabla ya kukanyaga breki. Kanyaga, shikilia, mwenzako akaze. Kwa njia hiyo shuu hukaa katikati ya ngoma. Halafu kuna fimbo ya chuma inayolishika bamba la breki ya nyuma lisizunguke. Mimi hapo humwomba msomaji asimame dakika nzima. Fimbo hiyo hufungwa kwa boliti na nati, na pini inayozuia nati isifunguke. Pini ni kitu kidogo, hupotea mchangani, na mtu aliyechoka huona kwamba nati imekaza vya kutosha. Nati hutetemeka ikatoka, boliti ikafuata. Siku hiyo breki ikikanyagwa, bamba lote huzunguka pamoja na gurudumu, fimbo na waya hujisokota, na gurudumu hufunga ghafla. Pini ya zamani usiirudishe. Nunua mpya kumi kwa pamoja, uziweke katika kopo.

Ukimaliza, usipande. Mwite fundi wa mtaani aje aikague kazi, umlipe kwa macho yake kama ambavyo ungemlipa kwa mikono yake. Mzee mmoja mwenye karakana kando ya barabara aliniambia kwamba wateja wa namna hiyo ni wachache, naye huwapenda, kwa sababu kukagua ni dakika kumi na kuokota mtu lami ni siku nzima. Kisha izungushe pikipiki katika vichochoro peke yako, polepole, ukifunga breki mara ishirini. Mke, mtoto au jirani asipande nyuma kwa wiki nzima, hata akiomba, hata mvua ikinyesha.

Na mvua ndiyo yaturudisha Jangwani. Maji yakifurika utaona vijana wakivusha pikipiki mpaka maji yakifika kwenye injini. Wewe zunguka, au ngoja. Lakini ikitokea umelowa, jua mambo mawili. Kwanza, ngoma iliyoingia maji haishiki. Endesha taratibu huku umekanyaga breki kidogo, mpaka joto liikaushe. Pili, kesho yake asubuhi chomoa kijiti cha oili. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa imeingiliwa na maji, na haifai kuendeshwa hata kilomita tano za kwenda kazini. Imwage na kutia nyingine, na huenda ikabidi kurudia mara ya pili.

Baada ya wiki ya majaribio, ndipo safari ya Bagamoyo. Naichagua kwa kuwa ni mwendo wa kilomita zipatazo 65, haina milima ya kukutesa, na karibu kila baada ya kilomita chache kuna mahali pa kupumzika. Ondoka mapema. Kabla ya kuondoka pima upepo tairi zikiwa baridi. Pikipiki nyingi za ukoo huu hutaka ratili kama 25 mbele na 28 nyuma, na zaidi nyuma ukiwa na abiria. Mwenge, kisha Tegeta. Hapo simama, ushike kitovu cha kila gurudumu kwa kiganja. Uvuguvugu ni wa kawaida. Kitovu kinachounguza mkono maana yake breki imebanwa mno au beringi inakufa, na bado uko karibu na nyumbani.

Boko, Bunju. Upande wa kushoto, ndani, ndiko Mabwepande, walikopewa viwanja baadhi ya waliohamishwa mabondeni baada ya mafuriko yale ya 2011. Kisha daraja la Mto Mpiji, nawe umeingia Mkoa wa Pwani. Mapinga, Kerege, Zinga: minazi na mikorosho yaonekana, na maembe hupangwa mafungu kando ya barabara msimu wake ukifika. Usishindane na mabasi. Kaa kushoto, na kila uonapo basi dogo limesimama, fikiri kwamba mlango utafunguka.

Bagamoyo ulaze pikipiki kivulini, ukanywe madafu. Injini ikipoa, fungua plagi uitazame, kwa maana baada ya mwendo mrefu ndipo husema kweli. Ncha yenye rangi ya kahawia hafifu ni afya. Nyeusi yenye masizi, safisha chujio la hewa ukifika nyumbani. Nyeupe kama chokaa, injini inakula hewa nyingi kuliko petroli, na safari ya kurudi iwe ya polepole. Kisha tembea hadi ufukweni, upite karibu na Boma la Wajerumani la mwishoni mwa karne ya 19, utazame jinsi chumvi ya bahari inavyofanya kazi yake kwenye kuta bila haraka. Upepo uleule unagusa spoki zako, rimu zako, na nati zile za silensa ambazo hukatika ukizifungua baada ya mwaka.

Rudi kabla ya giza. Uani utakuta majiko yamewashwa kwa chakula cha jioni, kwa hiyo tangi lisifunguliwe. Omba ndoo moja ya maji baridi, uimwagie pikipiki kuanzia chini, spoki kwa spoki, uifute, kisha uipake cheni oili wakati bado ina joto. Andika katika daftari kilomita za leo, rangi ya plagi, na mshale wa breki umefika wapi. Mama wa jiko atauliza kama umeleta chochote kutoka Bagamoyo. Mpe madafu mawili uliyofunga nyuma ya kiti, mahali ambapo Jumapili ijayo, fundi akiridhika, ataketi mtu.